Kwani Njombe ndiyo iliyoiba?

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuyaweke pembeni yale mambo yetu ya wapenzi na harusi, nikupeleke kwetu Igwachanya. Ukitoka Dar kwa basi la asubuhi unashuka Makambako jioni, miguu imekufa ganzi, unavaa lile koti ulilolidharau wakati unafungasha, kisha unatafuta gari la kwenda ndani. Siku hizi Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, ina ofisi za wakubwa na taa za umeme. Mimi niliijua ilipokuwa kijiji tu cha Wilaya ya Njombe, na Njombe yenyewe ikiwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Mkoa wetu wenyewe tumeupata mwaka 2012.

Nilikwenda kwenye msiba wa mzee mmoja wa ukoo. Usiku, kama ilivyo kawaida yetu, tukauzunguka moto. Baridi ilikuwa inakata kama wembe. Kijana mmoja, mjukuu wa shangazi yangu, alikuwa anatusomea habari kwenye simu yake. Akasoma ya mpira, akasoma ya bei ya mbolea, halafu akafika kwenye ile iliyowaamsha hata waliokuwa wameshaanza kusinzia. Msichana wa kazi za ndani, mwenyeji wa Njombe, amemwibia tajiri yake huko Dar es Salaam na kutokomea kusikojulikana.

Shangazi, ambaye shule aliiacha darasa la nne, akaweka kikombe chini.

"Hebu rudia hapo."

Kijana akarudia. Msichana wa kazi, mwenyeji wa Njombe.

"Na huyo tajiri aliyeibiwa, yeye mwenyeji wa wapi?"

Kijana akapekua simu juu na chini. "Haijaandikwa, bibi."

"Sasa kwani Njombe ndiyo iliyoiba?"

Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka, lakini kicheko kilinikwama kooni. Ng'ambo ya moto, nyuma ya sufuria kubwa la maharage ya msiba, alikuwa amekaa mama mmoja ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka 20. Na nisikufiche msomaji wangu, miaka yote hiyo nilikuwa namwomba Mungu nisikutane naye.

Huyo mama tutamrudia. Kwanza tulimalize swali la shangazi, maana ni swali ambalo sisi waandishi tunalipwa mshahara kujiuliza na hatujiulizi.

Wewe unayesoma magazeti yetu kila wiki unajua tunavyofanya. Mtu akiiba, tunasema anatoka wapi. Mtu akigombana na mkewe, tunasema kabila lake. Dereva akipata ajali hatusemi kitu, lakini dereva akiwa mwanamke tunasema ni mwanamke, hata kama aliyemgonga ni mwanaume mlevi. Mama akishinda kesi ya kiwanja tunaandika "mama wa watoto watatu aliyeachika", kana kwamba talaka ndiyo iliyopima kiwanja. Nani amewahi kuona imeandikwa "baba wa watoto watatu aliyeachika ashinda kesi ya kiwanja"?

Sisi watu wa nyanda za juu tuna letu la peke yetu. Kwa watu wa pwani, kila anayetoka baridi ya huku ni Mhehe. Mbena ni Mhehe, Mkinga ni Mhehe, Mpangwa naye Mhehe. Basi mtu wa huku akijiua kwa shida zake, utasoma "Mhehe ajinyonga", na watu vijiweni wanacheka, wanasema ndiyo zao. Marehemu huenda alikuwa Mbena mwenye madeni, au mgonjwa, au alikuwa ameelemewa na mambo ambayo hakumwambia mtu. Hayo hakuna aliyeyauliza. Kabila limeshajibu kila kitu, na kumbe hata hilo kabila lenyewe limekosewa.

Utasema, ah, huo si utani tu? Utani naujua. Mtani wangu akinicheka kilabuni kwenye ulanzi, nami nitamcheka zamu yangu ikifika, na siku ya msiba wangu atakuja kubeba maji. Utani una kwenda na kurudi. Gazeti si mtani wangu. Gazeti linanicheka nakala elfu kadhaa, na mimi sina gazeti la kulicheka.

Na hilo la msichana wa kazi ndilo linalouma zaidi huku kwetu. Toka zamani mtu wa mjini akitaka binti wa kumsaidia nyumbani anaagiza "wa Iringa", kama anavyoagiza gunia la viazi. Akiwa mwema, ni kwa sababu ni wa Iringa. Akikosea, ni kwa sababu ni wa Iringa. Habari moja ya mmoja aliyeiba inawafikia maelfu ambao asubuhi hiyo wameamka saa kumi na moja kuwachemshia watoto wa watu uji. Siku hiyo mama mwenye nyumba anahesabu vijiko.

Sasa turudi kwa yule mama wa nyuma ya sufuria.

Mwaka 2002 mimi nilikuwa kijana wa suruali moja nzuri na daftari. Nilikuwa Makambako, nawaandikia magazeti ya Dar kwa kujitegemea. Mshahara sina. Habari ikitoka nalipwa, isipotoka nalala njaa. Makambako palikuwa pazuri kwa kazi ile, maana ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, ya kwenda Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Kila aina ya binadamu inashuka, inakula, inaondoka.

Huyo mama alikuwa mama lishe jirani na stendi. Alikuwa na meza moja ndefu ya mbao, mabenchi mawili na turubai. Ugali maharage yake ulikuwa unasifiwa na madereva wa malori. Siku moja mchana kijana mmoja akapitisha mkono chini ya meza, akachomoa kopo la hela, akatoka mbio. Ndani ya kopo mlikuwa na shilingi 12,000. Mama hakupiga kelele. Alimkimbiza. Alimkimbiza na mwiko mkononi, kanga imefungwa kiunoni, mpaka upande wa reli, na pale kijana akajikwaa kwenye mawe akaanguka. Mama akamkalia mgongoni.

Watu wakafika na mawe na fimbo. Wewe unajua kwetu kibaka anavyofanywa, na matairi yanavyopatikana haraka kuliko polisi. Yule mama, akiwa bado amemkalia, akawaambia, "Atakayempiga huyu atanipiga mimi kwanza. Nimemkamata mimi, ni wa kwangu. Nataka hela zangu na nataka polisi." Akabaki amemkalia hivyo hivyo mpaka mgambo wakaja. Hela zikahesabiwa hapo hapo, zote 12,000. Kijana akaondoka na pingu, lakini mzima.

Msomaji wangu, hiyo ni habari au si habari? Mwanamke peke yake, na mwiko, ameokoa hela yake na roho ya mwizi wake kwa mpigo mmoja. Hata ingeandikwa na mwanafunzi wa darasa la tano ingesomeka.

Lakini mimi nilitaka ukurasa wa mbele. Wakati naulizauliza pale stendi, jirani yake mmoja, naye mama lishe, akanivuta pembeni. Akaniambia, "Huyo unayemwandika unajua lakini? Mume wake alikufa kwa ule ugonjwa. Na yeye mwenyewe ndiyo hivyo." Sikuuliza amejuaje. Sikuuliza anagombania naye wateja au la, ingawa meza zao zilikuwa zinatazamana. Niliandika. Nikaenda kwenye kibanda cha simu nikaisoma habari yangu Dar neno kwa neno. Nilisema "mjane ambaye inasemekana ni mwathirika wa ukimwi".

Hilo neno "inasemekana", msomaji, ni blanketi la mwandishi mvivu. Anajifunika nalo anadhani haonekani. Na nikuambie kitu kingine kuhusu "inasemekana": ni refu. Mhariri akitafuta nafasi kwenye kichwa cha habari, ndilo la kwanza kukatwa. Gazeti lilipofika Makambako na basi, kichwa kilisema mwathirika wa ukimwi amkamata kibaka. Mwiko haukuwemo. Zile fimbo na mawe alizozizuia hazikuwemo, zilikatwa ili habari itoshe. Kilichobaki ni ugonjwa ambao mimi sikuuona, yeye hakuusema, na daktari hakuutaja.

Nililipwa. Nikanunua viatu.

Kumbuka miaka ile ilikuwaje. Mpango wa serikali wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi ulianza mwaka 2004. Mwaka 2002 mtu wa kawaida wa Makambako alikuwa hajawahi kukiona hata kidonge kimoja. Kuitwa mwathirika ilikuwa kama kutangaziwa tarehe. Na huyu alikuwa anapika chakula. Tulijua, hata wakati ule, kwamba virusi havipiti kwenye ugali. Lakini nani alikuwa anasikiliza? Wiki ya kwanza madereva walipungua. Wiki ya pili mabenchi yalikaa matupu, huku meza ya pili, ile ya jirani, imejaa.

Alinifuata pale nilipopanga. Niliposikia sauti yake mlangoni nilitaka kutokea dirishani. Hakunitukana. Alisimama tu, kanga ile ile, akanisalimia vizuri, akaniita mwanangu.

"Mwanangu, wewe ulinipima lini?"

Nikanyamaza.

"Yule kibaka alichukua elfu kumi na mbili, nikamkimbilia nikazipata. Wewe umechukua meza yangu. Sasa nimkimbilie nani?"

Nilimpigia mhariri simu, nikamwomba wasahihishe. Mhariri yule hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Tutasahihishaje? Tuandike kwamba mama lishe wa Makambako si mwathirika? Tunajua? Na tukiandika, si tunalitaja tena neno lile lile?" Na hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa kosa hili. Ukikosea jina la mtu, wiki ijayo unaliandika vizuri. Ukikosea idadi ya majeruhi, unairekebisha. Lakini ukimtangazia mtu jambo ambalo halikuwa na kazi kwenye habari, huna pa kulirudishia. Kila ukilifuta unalikoleza.

Baada ya miezi michache ile meza ilikuwa haipo. Nikasikia mama amerudi kwao. Kwao ni Igwachanya.

Mimi nikahamia Dar, nikapata ajira, nikapata safu hii. Gazeti lile lilikwisha kufa zamani.

Naomba unielewe vizuri hapa. Sisemi kwamba tulikosea kwa sababu ilikuwa uongo. Mpaka leo sijui kama ilikuwa uongo au kweli, na nimejifunza kwamba si kazi yangu kujua. Hata ingekuwa kweli tupu, kwenye habari ile lingebaki kuwa neno la uongo. Kwa nini? Kwa sababu msomaji anatuamini kwamba tunachokiweka kina kazi. Tukiandika "msichana wa Njombe ameiba", msomaji anaunganisha mwenyewe: kumbe Njombe inahusika. Tukiandika "mgonjwa amkamata mwizi", msomaji anautafutia ugonjwa ule kazi, na akikosa anaupeleka kwenye sahani ya ugali. Kila neno ni kweli, na habari nzima ni uongo.

Waliotutangulia hili walilifahamu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kwetu kumuuliza mtu kabila na dini yake. Toka hapo tumehesabiwa mara nyingi, mara ya mwisho mwaka 2022, na karani anakuuliza hadi umeezeka kwa nini, lakini kabila hakuulizi. Serikali nzima imeona inaweza kupanga shule na zahanati bila kulijua. Mwandishi wa habari ya kuku aliyeibiwa yeye anaona hawezi.

Na jirani zetu wametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Wanyarwanda walitembea na vitambulisho vilivyoandikwa kabila, na gazeti la Kangura na redio ya RTLM wakawa wanalikumbusha kila siku mpaka mwaka 1994. Kesi yao ilisikilizwa hapa hapa kwetu Arusha, na Desemba 2003 mahakama ile ya kimataifa ikawatia hatiani watu watatu wa vyombo hivyo viwili. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia adhabu, haikuwaachia. Jamani, sisemi kumtaja Mhehe aliyejinyonga ni sawa na RTLM. La hasha. Nasema moto mkubwa na moto wa kuota vyote vinawashwa na kiberiti kile kile, na wenye kiberiti ni sisi.

Kuna mwenzangu mmoja kazini huwa ananibishia. Anasema, "Basi tusitaje kitu? Tuandike mtu fulani wa mahali fulani amefanya jambo fulani?" Ana hoja. Kenya baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 ilizoeleka kusoma "jamii moja imeishambulia jamii nyingine", na kila msomaji anabaki anakisia, na kukisia nako kuna sumu yake. Kuficha kinachohusika ni kosa lile lile, limegeuzwa tu shati.

Chukua mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyotutia aibu duniani kuanzia miaka ile ya 2006 na 2007. Ungeandika kwamba mtu ameuawa, ukaacha kusema alikuwa na ualbino, ungekuwa umeificha sababu yenyewe ya kuuawa, na muuaji angekushukuru. Pale neno lilikuwa habari. Mwaka 2008 Rais Kikwete alipomteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walipomchagua Salum Barwany, ilikuwa haki kusema kwamba hawa ni watu wenye ualbino, maana nchi ilikuwa imefungua mlango. Lakini mbunge huyo akisimama kudai barabara ya jimbo lake, habari ni barabara. Ndivyo ilivyo pia kwa Rais Samia. Siku anaapishwa, Machi 19, 2021, kusema ni mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo ilikuwa habari kubwa. Akisoma takwimu za bei ya mafuta, mafuta hayajui jinsia.

Hata huu ugonjwa wenyewe una mahali pake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 uliikuta Njombe ikiongoza nchi nzima, asilimia 11.4 ya watu wazima wana virusi. Ule wa 2022/23 ukaikuta bado inaongoza, asilimia 12.7. Hizo namba ziandikwe kwa wino mwekundu, zisomwe bungeni na vijijini, maana zinahusu dawa, vipimo na uhai wa watu wetu. Lakini asilimia ni ya mkoa, si ya paji la uso la mtu. Na ukiigeuza namba hiyo utaona kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wa Njombe hawana virusi, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kichwa cha habari. Toka mwaka 2008 tuna na sheria ya VVU na ukimwi inayolinda siri ya majibu ya mtu na kukataza kumnyanyapaa. Imekuja imechelewa kwa meza moja ninayoijua.

Basi mimi nimejitengenezea kipimo changu cha kienyeji. Nikimaliza kuandika, nakifuta kile kielezo, yaani kabila, dini, mkoa, ugonjwa, talaka, rangi, kilema. Halafu nasoma upya. Habari ikianguka, nakirudisha. Ikisimama vile vile, nakiacha kwenye kapu. Na kama bado nina mashaka, namgeuzia kibao aliyeibiwa, kama alivyofanya shangazi: na huyu mwingine je, yeye mwenyeji wa wapi? Nikiona sikutaka hata kuuliza, najua nilikuwa na nia gani.

Waingereza, ambao magazeti yao ya udaku yanaogopwa hata na wafalme, wamelitia hilo kwenye kanuni za wahariri wao: rangi, dini, ugonjwa au ulemavu wa mtu usitajwe kwa undani ila pale unapohusika kweli na habari. Sisi nasi tuna Baraza letu la Habari, lililoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, lenye kanuni zake za maadili. Vitabu vipo. Tatizo ni njaa ya ukurasa wa mbele, na hiyo haina kitabu.

Haya, turudi kwenye moto.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kulala, nilijikaza nikazunguka upande wa pili. Magoti yalikuwa yananitetemeka, na si kwa baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyanyua macho. "Kamwene. Umenenepa."

Kumbe alinijua toka jioni nilipofika. Nikaanza kusema yale maneno niliyoyapanga kwa miaka 20, kwamba mama, lile jambo, mimi ujana, mimi njaa. Akanyanyua mkono.

"Subiri niepue maharage."

Nikasubiri. Akaepua, akafunika, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa. Akaniambia alirudi akalima viazi, na baadaye alizeti, na watoto wamesoma, mmoja ni mwalimu. Hakuniambia kingine kuhusu afya yake, nami safari hii nilikuwa na akili ya kutouliza. Nilimwambia ninaandika safu kwenye gazeti, na kwamba ningependa kuandika kosa langu, bila kumtaja jina, lakini sitaandika kama hataki.

Akanyamaza muda mrefu, anachokoa makaa kwa kijiti.

"Wewe umesema wote mle ndani mnasoma habari kwenye simu," akasema. "Hiyo yako ya zamani bado ipo?"

Nikamwambia haipo, gazeti lilikufa.

"Basi andika. Lakini safari hii uandike kwamba nilimkamata."

Ndugu msomaji, naomba uniruhusu nimalizie kazi niliyotumwa mwaka 2002:

Mama lishe wa stendi ya Makambako alimkimbiza mtu aliyemwibia shilingi 12,000, akamkamata karibu na reli akiwa na mwiko mkononi, akazipata hela zote, na akawazuia wananchi wenye hasira wasimuue mwizi huyo mpaka mgambo walipofika.

Nimeifuta na kuisoma upya mara tatu. Inasimama.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.